Kiraka

Eda ilikwisha Jumatatu, na Ijumaa
pazia lilikuwa bado limeshuka.
Sikuwa na sababu. Mkono tu ulikuwa hauendi.
Miezi minne na siku kumi
niliijua Jadida kwa masikio:
kandambili za Bi Mgeni, ya kushoto inaburura,
baiskeli ya muuza mkate wa ajemi, kengele yake ina mafua,
watoto wa chuoni wakigombania nani kamkanyaga nani.

Ijumaa hiyo, baada ya alasiri, pazia likatikisika.
Si upepo. Ilikuwa ngoma kubwa,
bado iko mbali huko Bopwe,
kitambaa kimeisikia kabla yangu.
Kisha tarumbeta ya Mbarouk wa Mtemani,
yule asiye na meno mawili ya mbele,
sauti yake hutoka na upepo pembeni
kama chai iliyomwagikia kisosini.
Harusi kwa kina Subeti. Beni inampeleka bwana harusi.

Nikasema nitachungulia kwa ncha.
Ncha ikawa jicho, jicho likawa kichwa,
kichwa kikawa mie mzima dirishani, kanga imeniteleza begani.

Barabara ilikuwa imeanikwa karafuu.
Majamvi upande huu, majamvi upande ule,
na beni nzima inapita katikati, mguu mmoja mmoja,
kama kuku kwenye matope,
bila kuacha kupiga!
Mpiga matoazi akaliruka jamvi la Mzee Hamad Shoka,
akatua, akagonga palepale panapotakiwa.
Mzee Hamad, aliyekwishainua fimbo,
akaishusha chini mara mbili, kwa mahadhi.

Bega langu la kushoto likacheza.
Naapa sikulituma.
Nikalitazama kama mtoto wa jirani aliyeingia bila hodi,
nikataka kulikemea, nikaona haya, nikaliacha.
Khatib, nisamehe, au usinisamehe,
wewe ndiwe uliyekuwa ukisema beni haina adabu
huku kidole gumba chako kinapiga meza.

Jumamosi akaja Faki, mtoto wa dada yangu,
tanga begani, limechanika pabaya.
"Khalati, cherehani yako inakubali?"
Ilikuwa imelala tangu msiba, mkanda umelegea.
Nikaitia mafuta. Kitambaa sina.
Nikazunguka chumba, macho yakaishia dirishani.
Nikapanda kiti.

Faki akayatazama mawaridi mekundu kwenye manjano.
"Watanicheka bandarini."
"Watakuona kwanza," nikamwambia.

Jumapili, saa nne asubuhi, akanifuata
nikajionee kama mshono unashika.
Ngalawa nilikwishapanda mara mbili maishani,
kuvuka Fundo, zote kwenda kuzika.
"Na leo tunakwenda wapi?"
"Popote hatuendi. Tunakwenda kurudi."

Akanipa demani niishike.
Tanga likapigapiga kwanza, likanung'unika
kama nguo kambani.
Kisha likashiba.
Chombo kikainama, mrengu mmoja ukatoka majini
ukadondosha matone, ukabaki hewani kama unafikiri,
na kamba ikanivuta viganja
kama mtoto anayetaka kukuonyesha kitu.
Nikapiga kelele. Si ya hofu.
Mawaridi yale niliyokuwa nikiyahesabu usiku,
thelathini na manne, nayajua kwa majina,
sasa yamevimba, yameingiana,
hayahesabiki tena.

"Inama, Khalati, tunabisha!"
Sikujua kubisha ndio nini. Nikainama.
Foromali ikapita juu ya kisogo changu
na Wete yote ikahamia upande wa pili:
mapaa ya bati, minara, mlima wa nyumba,
na kati yake dirisha moja tupu
kama pengo la Mbarouk.
Sijui kama ni langu. Nililichagua.

Nikaanza kwa mdomo ile sauti ya tarumbeta,
nikaikosea.
Faki akanisahihisha, maji yakimruka usoni.
Nikaikosea tena.